Ulilipa Faini, Jina Likabaki

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inasema kwamba mtu anayepatikana mlevi na kufanya fujo hadharani hatatozwa faini inayozidi shilingi 500, ijapokuwa hakimu anaweza pia kumfunga hadi miezi mitatu. Cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambacho kila mtafuta kazi Eldoret hukiita "good conduct", kimekuwa kikilipiwa shilingi 1,050 kwenye eCitizen. Kwa hiyo kijana aliyenaswa mtaani Langas Jumamosi usiku, akalala seli, akapandishwa kizimbani Jumatatu, akasema "ni kweli" na kulipa, anaweza kurudi baada ya miaka kadhaa na kuilipa serikali zaidi ya maradufu ya faini ile, ili imwandikie kwamba aliwahi kutozwa faini.

Na cheti hicho hakikwepeki. Dereva wa matatu hapati beji ya kubebea abiria bila hicho. Mwalimu anayejisajili na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, anakihitaji, bawabu wa kampuni ya ulinzi anaulizwa, na anayetafuta viza ya kazi au masomo ng'ambo hukiweka juu ya bahasha. Ndiyo maana mji huu, uliotawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, una wataalamu wa kufuta rekodi katika kila kinyozi na kila stegi. Wanayosema ni mengi. Machache yana ukweli, mengine yana nusu ya ukweli, na hayo ya nusu ndiyo yanayowagharimu watu. Maoni yangu nayatanguliza, msomaji asiyatafute: Kenya imeweka karibu milango yake yote kabla ya hukumu, na baada ya hukumu imeacha matundu tu. Anayeanza kulitafuta jina lake safi siku anapotafuta kazi amechelewa sana.

"Kosa dogo haliandikwi popote. Ukilipa faini, limekwisha."

Adhabu ndiyo inayokwisha. Mtu akikubali shtaka mbele ya hakimu, maelezo ya kesi yakasomwa naye asiyapinge, amepatikana na hatia, hata kama adhabu ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Nakuru. Jalada la kesi linabaki mahakamani. Upande wa polisi, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaitaja kazi ya kutunza kumbukumbu za wahalifu miongoni mwa kazi za DCI.

Kinachowachanganya watu ni kwamba vyeti havitoki sawa. Jamaa wawili wanakamatwa kwenye msako mmoja, wanalipa faini moja, kisha cheti cha mmoja kinatoka safi na cha mwenzake kina maandishi. Kumbukumbu ya DCI imejengwa juu ya alama za vidole. Ukienda Huduma Centre ya Eldoret na fomu yako ya C24, vidole vyako vyote vinapakwa wino, na alama zile ndizo zinazolinganishwa na zilizohifadhiwa Nairobi. Kama siku ya kesi yako hakuna aliyechukua alama, au zilichukuliwa zikaishia kwenye droo ya kituo, huenda cheti kikatoka bila doa. Lakini ukipewa fomu ya viza inayouliza kama umewahi kupatikana na hatia popote duniani, jibu la kweli bado ni ndiyo. Bahati ya droo haigeuzi kilichoandikwa na hakimu.

Kosa hilohilo la kufikiri linafanywa kuhusu huduma kwa jamii. Aliyefagia uwanja wa ofisi ya chifu mwezi mzima husema hakufungwa, kwa hiyo hana rekodi. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 iko wazi: amri hiyo hutolewa kwa mtu aliyekwisha kupatikana na hatia kwa kosa ambalo kifungo chake, au kile ambacho mahakama inaona kinamfaa, hakizidi miaka mitatu. Ni adhabu kama adhabu nyingine, ila tu haina kuta.

"Baada ya miaka mitano rekodi hujifuta yenyewe."

Wengine husema saba, wengine kumi. Nimejaribu kufuatilia idadi hizi zilikotoka na nadhani nimezipata. Miaka mitano ni ya CRB: taarifa mbaya ya mkopo hukaa kwenye vitabu vya kampuni za kuripoti mikopo kwa muda huo, na mtu aliyewahi kukosa kulipa mkopo wa simu anaijua hesabu hiyo kwa machungu. Miaka kumi inafanana na ya Afrika Kusini, ambako tangu 2009 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu mtu kuomba rekodi ya baadhi ya makosa, yakiwemo yale ya faini isiyozidi randi 20,000, ifutwe miaka kumi ikipita bila yeye kufungwa kwa kosa jingine. Hata huko haijifuti, mtu huiomba. Saba na nyinginezo zimetoka kwa jamaa walio Uingereza, nchi yenye sheria ya mwaka 1974 inayoyahesabu makosa madogo kuwa yamepitwa na wakati baada ya muda maalumu.

Kenya haina sheria ya jumla ya namna hiyo, na kisa chake ni cha kihistoria. Kanuni yetu ya Adhabu ni ya 1930, enzi ya ukoloni. Waingereza walipokuja kuamua kwamba aliyekosea kidogo anastahili kuanza upya, ilikuwa 1974, nasi tulikuwa na miaka zaidi ya kumi ya uhuru. Tulirithi fimbo, dawa ikatengenezwa baadaye huko kwao, na Bunge letu halijatengeneza yake.

"Kuna jamaa anaweza kuitoa kwenye mashine. Mtafutie elfu ishirini."

Hapo nitasema kidogo. Kughushi hati, kwa Kanuni ya Adhabu, ni kosa la kifungo cha hadi miaka mitatu, na zaidi kwa hati rasmi, na kuitumia hati ya kughushi huku unajua ni kosa kama kuighushi. Mwajiri anayekishuku cheti anaweza kukihakiki. Mtu anaingia na kosa la shilingi 500 na kutoka na la miaka mitatu au zaidi, na yule jamaa wa elfu ishirini hapokei simu tena.

"Kesi yangu ilitupwa, kwa hiyo mimi ni msafi."

Itategemea ilitupwa vipi, na hili linahitaji subira kidogo, kwa sababu ndilo eneo ambalo mtu ana haki nyingi kuliko anavyojua.

Kesi inaweza kuisha kwa njia kadhaa bila hatia. Kiongozi wa mashtaka anaweza kuiondoa chini ya kifungu cha 87 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaachiliwa, lakini kuachiliwa huko hakumzuii polisi kumshtaki tena kesho kwa jambo lilelile. Njia nyingine ni mlalamishi kutofika siku ya kusikizwa, ambapo kifungu cha 202 kinampa hakimu uwezo wa kumwondolea mshtakiwa mashtaka. Hakimu pia anaweza kuona hakuna kesi ya kujibu, kifungu cha 210, au akasikiza pande zote na kukuta hatia haikuthibitishwa, kifungu cha 215. Hizi tatu ni kuondolewa hatia kamili. Karani akikwambia kwa mkato tu kwamba "kesi imeisha", muulize imeisha kwa kifungu kipi. Anajua, na ukimuuliza hivyo atakujibu.

Sababu ya kuuliza ni hii. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, palepale inapowapa polisi mamlaka ya kuchukua picha na alama za vidole za aliye kizuizini, inataka vitu hivyo viharibiwe au akabidhiwe mwenyewe ikiwa hakushtakiwa, au aliachiliwa au kuondolewa hatia na mahakama, naye hajawahi kupatikana na hatia kabla. Sheria inasema hivyo, lakini karatasi hazitembei zenyewe kutoka Eldoret hadi makao makuu ya DCI kwenye barabara ya Kiambu. Uamuzi unaweza kubaki kwenye jalada hapa na alama zikabaki kule, na cheti kikaja kikionyesha kesi kana kwamba bado inaendelea.

Anayekutana na hali hiyo aanzie kwenye sajili ya mahakama, aombe nakala ya uamuzi iliyoidhinishwa kwa muhuri, aambatishe barua na kuipeleka DCI, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akipuuzwa ana silaha mbili za kikatiba ambazo hazitajwi sana kinyozini. Ibara ya 35(2) inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Ibara ya 47, pamoja na Sheria ya Haki ya Utendaji wa Kiutawala ya 2015, inampa haki ya kupewa uamuzi kwa wakati na kwa sababu zilizoandikwa. Jaji wa Mahakama Kuu anaweza kuiamuru ofisi ya serikali kutekeleza wajibu wake, na Eldoret ina Mahakama Kuu yake. Huna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi kudai haki hiyo.

"Ningekata rufaa tu, waniondolee."

Rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa ndani ya siku 14. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, ila kwa aliyekubali shtaka kuna ukuta mwingine: kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai hakimruhusu kukata rufaa isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu.

Ukuta huo una ufa mmoja, nao ni namna alivyokubali. Katika Adan dhidi ya Jamhuri, kesi ya 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo mahakimu wetu hupimwa nazo mpaka leo. Shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, na akiyapinga, kukubali kwake kugeuzwe kuwa kukana. Mama aliyeelewa Kinandi pekee, akasomewa kwa Kiingereza kisha akatikisa kichwa, hakukubali lolote. Hukumu za aina hiyo zimevunjwa mara nyingi. Mahakama Kuu pia inaweza, chini ya kifungu cha 362, kuliitisha jalada la mahakama ya chini na kulikagua.

Sasa ona upande wa pili wa rufaa, ambao mawakili hawautangulizi. Hukumu za Mahakama Kuu huchapishwa na Kenya Law, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bila malipo. Kesi ya fujo iliyokuwa imelala ndani ya jalada la hakimu, ambako hakuna angeitafuta, inaamka na kuwa ukurasa wa mtandaoni wenye jina lako dhidi ya Jamhuri. Ukishinda, ukurasa unasema ulishinda. Lakini mwajiri anayetafuta jina kwa haraka husoma kichwa na kupita. Watoto na waathiriwa wa makosa ya kingono huandikwa kwa herufi za mwanzo tu. Mwingine anaweza kuiomba mahakama ifiche jina lake, naye hana uhakika wa kukubaliwa, kwa kuwa katiba hiyohiyo inataka kesi zisikizwe hadharani. Kwa kosa la shilingi 500, mimi ningepima mara mbili.

"Rais akinisamehe, kila kitu kinafutwa."

Ibara ya 133 inampa Rais uwezo wa kutoa msamaha, kamili au wa masharti, kuahirisha adhabu, kuipunguza au kuibadilisha, kwa ushauri wa Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha. Mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi, si lazima awe gerezani. Hata hivyo wafungwa tunaowaona wakitoka kwa makundi siku za sikukuu mara nyingi wamepunguziwa muda uliobaki, na kupunguziwa muda hakugusi hatia. Msamaha kamili ni jambo zito zaidi, ila hata hapo ibara inazungumzia kusamehe na haitaji popote daftari la DCI. Sijui ni nani atamshauri Rais aketi juu ya faili la mtu aliyelewa mtaani Huruma mwaka 2016.

"Sheria ya data inanipa haki ya kusahauliwa."

Hili nimelisikia kwa wanafunzi wa chuo, tena wakinitajia kifungu. Wanacho kweli. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamruhusu mtu kutaka taarifa zake zisahihishwe zikiwa si sahihi, zimepitwa na wakati, hazijakamilika au zinapotosha, na zifutwe ikiwa anayezishika hana tena idhini ya kuzishika au hazina umuhimu tena. Tatizo ni kwamba DCI inaweza kujibu kwamba idhini yake inatoka kwa sheria ya Bunge, na sheria ya data yenyewe imeacha nafasi kwa maslahi ya umma. Kwa hatia ya kweli iliyothibitishwa na mahakama, mlango huu bado ni mwembamba.

Wanapokosea ni kudhani kwamba DCI pekee ndiyo yenye jina lao. Fikiria nakala ya cheti uliyomwachia meneja wa hoteli aliyekunyima kazi. Fikiria picha yako ukiwa nyuma ya gari la polisi, iliyobandikwa Facebook na mwenye baa. Hao hawana sheria ya Bunge ya kujificha nyuma yake. Unaweza kuwaandikia wafute, na wakikataa, Kamishna wa Data anapokea malalamiko, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo imekwisha kung'ata: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa watu wengi jeraha linatoka kwenye picha ile kuliko kwenye faili la Nairobi, na hapa dawa ipo.

"Mtoto wangu alikamatwa kwenye mgomo wa shule. Maisha yake yameharibika."

DCI yenyewe imechangia hofu hii. Zaidi ya mara moja, wakati wa mawimbi ya kuchomwa kwa mabweni, ilitangaza kwamba rekodi za wanafunzi watakaopatikana na makosa zitahifadhiwa na kuonekana kwenye vyeti vyao baadaye. Kama onyo la kutuliza shule, naelewa. Kama maelezo ya sheria, linapaswa kusomwa pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoupandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikaweka dhana kwamba mtoto chini ya miaka 14 hana uwezo huo hadi ithibitishwe vinginevyo, ikafungua njia ya kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa kesi kabla haijafika mbali, na ikalinda jina lake lisichapishwe. Mzazi anayeambiwa kituoni kwamba mwanawe aliye kidato cha pili "akubali tu mambo yaishe" amtafute kwanza afisa wa watoto. Asiweke sahihi chochote.

"Mwenye rekodi hawezi kuajiriwa popote."

Cheti huonyesha kilichopo. Kuamua ni kazi ya anayekisoma, na waajiri wengine hutofautisha wizi wa mahindi na ulevi wa usiku mmoja. Kinachonikera ni mahali tulipouweka mzani. Kwa Ibara ya 99 na ya 193, anayezuiwa kuwa mbunge au mwakilishi wadi kwa sababu ya kifungo ni yule anayetumikia angalau miezi sita, tena baada ya njia zote za rufaa kumalizika. Aliyetozwa faini anaweza kugombea, akashinda, akakaa kwenye bunge la kaunti akipitisha bajeti. Mlangoni pa jengo hilohilo, bawabu mwenye faini ileile anaambiwa arudi nyumbani.

"Rekodi isipodumu milele, wezi watajificha."

Hili halitoki kwa kinyozi. Ni la watu wenye ofisi, nalo linahitaji jibu la heshima.

Ni kweli polisi wanahitaji kumbukumbu. Mpelelezi anayefuatilia genge la wizi wa mifugo hawezi kufanya kazi gizani, na hakuna anayedai faili za wabakaji zichomwe. Lakini hoja hiyo inafunga pamoja maswali mawili: nini polisi wakijue, na nini mwajiri aonyeshwe. Sheria ya Uingereza ya 1974 haikuwapofusha polisi wake. Iliamua tu kwamba, kwa kazi za kawaida, hatia ndogo ya zamani haiwi tena jambo la kuulizwa. Afrika Kusini imeyaacha nje makosa mazito ya kingono na dhidi ya watoto. Nchi inaweza kuchora mstari. Sisi hatujachora.

Kisha waulize wanaosema milele: ni nani hasa waliomo kwenye daftari hili? Wachuuzi waliofukuzwa na kanjo. Akina mama wauza busaa. Vijana waliokutwa nje wakati wa kafyu ya Korona, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, wakashtakiwa kwa kuchelewa kufika nyumbani. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji, zinazomfanya mtu kuwa mkosaji kwa kukosa makao au kazi, haziendani na Mkataba wa Afrika. Sheria inaweza kuonekana mbovu na kurekebishwa, na jina la aliyehukumiwa kwa sheria hiyo likaendelea kumfuata. Kwangu mimi, taarifa ya faini ya miaka ishirini iliyopita, ikitolewa bila maelezo kwa mwajiri wa leo, inakaribia sana ile "ya kupotosha" ya Ibara ya 35. Ningependa kuona wakili wa Eldoret akiipeleka hoja hiyo mbele ya jaji.

"Hata ukijua haya yote, huna la kufanya siku ya kesi."

Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu dai hili ndilo linalowafanya watu waseme "ni kweli" kabla hata ya kusikia shtaka. Kizuizini usiku kucha, mtu anaambiwa akikubali atakuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mara nyingi ni kweli atakuwa. Hakuna anayemwambia kwamba sheria ina njia nyingine zinazomfikisha nyumbani bila hatia.

Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera ya 2019 inayomruhusu kiongozi wa mashtaka kuiondoa kesi ya kosa dogo kwenye mkondo wa mahakama kwa masharti, kama kuomba radhi, kulipa kilichoharibika au kupata ushauri nasaha. Mshtakiwa au jamaa yake anaweza kuomba hilo mwenyewe, kwa mdomo, asubuhi hiyohiyo. Kesi ikiwa ni ya ugomvi, kofi, matusi ya majirani, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu ahimize upatanisho, na pande zikikubaliana kesi inaweza kusitishwa. Wazee wa Uasin Gishu wamekuwa wakipatanisha tangu kabla ya kuwapo kwa mahakama yoyote hapa, na sera ya Mahakama ya 2020 kuhusu mifumo mbadala ya haki inalitambua hilo.

Njia ya tatu ndiyo isiyojulikana kabisa. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Probesheni kinasema kwamba mahakama ya chini ikiona shtaka limethibitishwa, lakini ikizingatia umri wa mshtakiwa, tabia yake, nyumbani kwake, afya yake au aina ya kosa, inaweza kumweka chini ya probesheni kwa njia mojawapo kati ya mbili: kwa kumpata na hatia kwanza, au bila kuendelea hadi kumpata na hatia. Wengi hupewa ile ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeomba ya pili. Ombi lenyewe ni sentensi moja, nalo lisemwe mapema, kabla hakimu hajaandika kwamba mshtakiwa ana hatia: kwamba anaomba ripoti ya afisa wa probesheni, na kwamba anaomba mahakama isiendelee kumpata na hatia. Afisa atakwenda nyumbani, atazungumza na mzazi, na chifu, na jirani, pengine na mwajiri. Hakimu akiikubali ripoti, amri itadumu kati ya miezi sita na miaka mitatu. Anayeivunja anaweza kurudishwa mbele ya mahakama na kuhukumiwa kwa kosa lile la mwanzo. Anayeimaliza anaondoka bila mahakama kuwa imewahi kuandika kwamba ana hatia, na siku akijaza ile fomu ya viza, anaweza kujibu hapana bila kusema uongo.